Sura ya Saba: Ubao na Mizani

Samaki wa Luanda Kotieno huandikwa mara mbili. Kwanza huandikwa mezani, ndani ya banda, ambapo karani wa mizani huinamia daftari refu la jalada gumu na kuingiza jina la mtumbwi, aina ya samaki, kilo na mnunuzi. Halafu huandikwa ukutani kwa chaki: mbuta, ngege, omena, na bei ya asubuhi hiyo mbele ya kila jina. Siku moja nilikaa katikati ya meza na ukuta kwa saa mbili nzima, si kwa kupenda. Feri ya Mbita ilikuwa imeng'oa nanga mimi nikiwa bado nabishana na kijana wa boda juu ya chenji. Feri ikikuacha pale huna pa kwenda: mbele ni maji na Mbita ng'ambo yake, nyuma ni barabara ndefu ya kurudi Ndori.

Wachuuzi walikuja ubaoni, wakatazama, wakaenda zao. Hakuna aliyejiandikisha ili atazame. Mama mmoja mwenye karai kichwani alisoma bei ya omena tu, mengine hayakumhusu. Mwenzake alilinganisha mbuta na ngege, akahesabu kwa vidole, akaguna. Ubao ulikuwa uleule na kila mtu alichukua alichokitaka.

Mezani mambo yalikuwa mengine. Pale hupiti hivi hivi. Mtumbwi wa nani? Umesajiliwa? Samaki huwekwa kwenye mizani, mshale husubiriwa utulie, kilo huandikwa, ada ya ufuo hukatwa, risiti huchanwa. Kijana mmoja alishika pesa zake akaanza kuteremka majini kabla ya risiti. Karani hakuinua hata kichwa. "Omera, rudi. Hatujamalizana."

Wakati ule nilikuwa na swali mfukoni, nililoulizwa Kisumu na rafiki tunayeandika naye programu ya ufuo: ripoti za wachuuzi tuziweke kwenye mwonekano au kwenye prosija? Vijana wa kompyuta pale mjini huyataja maneno haya mawili kwa Kiingereza, hata wanapozungumza Kijaluo. Mimi nitasema mwonekano na prosija, kwa kuwa sura hii ni yao wote wawili, anayeandika programu na anayeshika daftari.

Mwonekano ni ulizo lililopewa jina na kuwekwa ndani ya hifadhidata. Hauna samaki wake. Samaki wamo kwenye jedwali la mauzo, mstari kwa mstari. Mwonekano unasema tu jinsi ya kuwatazama. Ubao wa ukutani ungeandikwa hivi:

CREATE VIEW bei_ya_leo AS
SELECT samaki, MIN(bei) AS chini, MAX(bei) AS juu
FROM mauzo
WHERE tarehe = CURRENT_DATE
GROUP BY samaki;

Baada ya hapo, yeyote anayeruhusiwa anaweza kuuliza bei_ya_leo kana kwamba ni jedwali. Atachuja omena peke yake, atapanga kuanzia bei ya juu, ataiunganisha na jedwali jingine. Ubora wa mwonekano ni huo: jibu lake linaweza kuwa mwanzo wa swali jingine, kama yule mama aliyesoma mstari mmoja tu wa ubao.

Prosija ni mpangilio wa hatua uliohifadhiwa ndani ya hifadhidata, ukangoja kuitwa. Unaiita kwa jina, unaikabidhi inachohitaji, yaani mtumbwi, samaki, kilo na mnunuzi, nayo inafanya kazi: inakagua usajili, inaandika mauzo, inakata ada, inatoa namba ya risiti. Inaweza kuamua kwa masharti, inaweza kurudia, inaweza kukataa. Ni karani.

Chimbuko la vitu hivi viwili si moja, na tofauti hiyo inasaidia kuvielewa. Mwonekano ni mkongwe. Edgar Codd wa IBM alichapisha mwaka 1970 wazo la kuweka data katika majedwali ambayo msomaji hahitaji kujua yamehifadhiwaje, na miaka michache baadaye wahandisi wa IBM kule San Jose, katika mradi wa System R, wakaijenga mionekano kama sehemu ya mfumo wenyewe. Shabaha ilikuwa kumpa kila msomaji sura inayomfaa bila kunakili data. Prosija zilivuma baadaye, mwishoni mwa miaka ya 1980, kampuni ya Sybase ilipoziuza kama njia ya kuweka kanuni za biashara ndani ya seva badala ya kuzitawanya katika kila kompyuta ya ofisi. Oracle ikafuata na toleo lake la 7 mwaka 1992. MySQL, ambayo vijana wengi wa Kisumu walijifunzia, haikuwa na hata kimoja hadi toleo la 5.0 la mwaka 2005, ambapo vyote viwili viliingia kwa mkupuo. Nashuku ndiyo maana wengi wanavichukulia kama mapacha, kisha wanauliza yupi ana mbio zaidi.

Hilo la mbio nilimalize haraka. Zamani seva iliandaa mpango wa kutekeleza prosija mapema, ikauhifadhi, na ulizo la kawaida likaanza upya kila mara. Siku hizi hifadhidata nyingi huhifadhi mipango ya maulizo ya kawaida pia. Mwonekano wa kawaida nao hauharakishi chochote, kwa sababu hauhifadhi kitu. Prosija inapookoa muda kweli ni safarini. Programu ikiwa Kisumu na seva iliyokodiwa ikiwa Ulaya, kila kwenda na kurudi hula zaidi ya sehemu ya kumi ya sekunde. Hatua kumi zikiitwa moja moja, karani anaanza kugonga meza. Zikifungwa ndani ya prosija, safari ni moja.

Sasa nirudi kwa yule kijana aliyeitwa arudi. Uuzaji wa samaki ufuoni hugusa mahali pengi kwa wakati mmoja: mauzo, ada, risiti, deni la mvuvi. Stima ikipotea baada ya mauzo kuandikwa na kabla ya ada kukatwa, kitabu kimeharibika, na hakuna atakayejua hadi mwisho wa mwezi. Wanaotumia M-Pesa, iliyoanza 2007, yaani karibu kila mtu ufuoni, wanalielewa hili bila darasa: muamala ama umepita wote ama haukupita kabisa. Kazi kama hiyo ndiyo inayostahili prosija. Ila kuna mtego. Kwenye hifadhidata ya PostgreSQL, prosija iliyoitwa mara moja kwa kawaida hubebwa na muamala mmoja, ikishindwa katikati yote hufutika. Kwenye MySQL usipouanza muamala kwa mkono wako, kila hatua inaweza kujihifadhi yenyewe na kukuacha na nusu. Prosija si muamala. Ni mahali pazuri pa kuuweka.

Na mtandao wa ziwani una tabia yake. Karani anabonyeza kutuma, simu inazunguka, anabonyeza tena. Mbuta mmoja anauzwa mara mbili. Kila uzani ukipewa namba yake simuni kabla haujatumwa, na jedwali likakataa namba iliyokwisha kuingia, tatizo linakwisha. Zuio hilo liwekwe kwenye jedwali lenyewe, lisiwe ndani ya prosija peke yake, maana siku moja mtu ataingiza data kwa njia nyingine. Watu huingiza data kwa njia nyingine. Sijaona hifadhidata ambayo hawakuingiza.

Nilijifunza mipaka ya prosija kwa aibu. Katika ufuo mmoja, nisioutaja, niliwaandalia watu programu ya kupokea samaki. Nchi tatu za ziwa zilikubaliana kwamba mbuta asiyefika sentimita 50 aachwe majini akue. Nikaona hiyo ni kanuni safi ya kuweka langoni: prosija ipokee urefu, ukipungua 50 ikatae. Wiki ya tatu nikafungua jedwali. Samaki wa 50. Samaki wa 51. Samaki wa 50. Ziwa zima lilikuwa limejifunza kupima kwa rula. Wale wadogo hawakuacha kuvuliwa, bali karani, akiwa na mvuvi mwenye hasira mbele yake na kompyuta inayogoma, aliandika namba iliyokubalika. Prosija yangu haikumlinda mbuta hata mmoja, na ilikuwa imeua ushahidi.

Nikaiondoa. Nikaacha kila urefu uingie jinsi ulivyo, nikaandika mwonekano mdogo uitwao chini_ya_hamsini unaohesabu samaki wadogo kwa kila wiki. Namba zikawa mbaya, na zikawa za kweli. Tangu hapo nina kipimo changu. Jambo ambalo likikosewa linavunja hesabu, kama ada isiyokatwa, naliwekea prosija. Jambo ambalo ni habari ya dunia ilivyo, hata iwe chungu, lipite, nitalitazama kwa mwonekano. Mizani haikatai samaki kwa sababu ni mwepesi.

Vipimo vya omena vinaangukia hapo hapo. Omena haiuzwi kwa kilo ufuoni. Huuzwa kwa karai, kwa debe, na ukifika sokoni kwa gorogoro. Wataalamu wanataka kilo. KMFRI, taasisi ya utafiti wa bahari na uvuvi yenye kituo Kisumu, inahitaji uzani. Shirika la Uvuvi la Ziwa Viktoria, LVFO, ambalo mkataba wake ulitiwa saini Kisumu tarehe 30 Juni 1994 na makao yake yako Jinja, linahitaji namba zinazolingana kutoka Kenya, Uganda na Tanzania. Kishawishi ni kugeuza karai kuwa kilo mlangoni, ndani ya prosija, na kuhifadhi kilo. Usifanye hivyo. Karai la ufuo huu si karai la ufuo ule, na omena mbichi si kavu. Hifadhi karai. Weka jedwali dogo linalosema karai la ufuo fulani ni kilo ngapi, tangu tarehe gani. Kisha mwonekano uzidishe. Siku mtu atakapopima upya na kugundua kiwango kilikosewa, unasahihisha mstari mmoja, na miaka yote ya nyuma inajirekebisha. Ukiwa umehifadhi kilo tu, umehifadhi kosa na umetupa karai.

Kikundi kimoja cha wachuuzi kilinipigia simu kwa sababu kama hiyo, ila ya upande wa prosija. Walikuwa wamepandisha ada ya kila kilo kwa kauli moja mkutanoni. Mwenyekiti alitangaza, ubao ukaandikwa, wavuvi wakanung'unika wakakubali. Kompyuta ikaendelea kukata ada ya zamani. Walitafuta kwenye mipangilio yote ya programu wasione pa kubadilisha. Aliyeiandika alikuwa amehamia Nairobi na hapokei simu. Nilipofungua hifadhidata nikaikuta ada imeandikwa ndani ya prosija, mstari wa arobaini na kitu, namba tupu isiyo na jina, kama sarafu iliyoshonewa kwenye pindo la koti. Prosija yenyewe haikuwa na nakala mahali popote nje ya seva. Ada ni data. Mahali pake ni kwenye jedwali, pamoja na tarehe iliyoanza kutumika, na prosija iisome kutoka hapo kama karani anavyoinua macho kusoma ubao.

Msifikiri mionekano haina maovu yake. Uovu wake ni urahisi. Unaandika mmoja, mwenzako anaandika wa pili juu yake, wa tatu unakaa juu ya wa pili. Niliwahi kufungua ripoti iliyochukua dakika kadhaa kuonyesha mistari kumi na miwili. Chini kulikuwa na mionekano mitano iliyopandana, na ule wa chini kabisa ulikuwa ukijumlisha mauzo ya miaka yote, halafu ule wa juu ukichagua wiki moja. MySQL ya wakati ule, ikikutana na mwonekano wenye GROUP BY, ilijenga jedwali la muda la majumlisho yote kwanza, kisha ikachuja. Ilikuwa ikipima ziwa zima ili ijue maji ya mtungi mmoja. Kuanzia toleo la 8.0.22 la mwaka 2020 imejifunza kupeleka sharti chini mapema inapowezekana, lakini mrundikano bado ni mrundikano. Unapotaka majumlisho mazito yasomwe mara nyingi, PostgreSQL ina mwonekano unaohifadhi matokeo yake, tangu toleo la 9.3 la 2013. Huo ni ubao halisi: chaki hukaa hadi mtu aifute. Ukisahau kuufanya upya, wachuuzi watasoma bei ya jana na kukulaumu wewe, na watakuwa na haki.

Mwonekano una kazi nyingine ambayo watu wa ufuoni waliielewa kuliko nilivyotarajia. Kanuni za vikundi vya usimamizi wa fuo, BMU, za mwaka 2007 zilizipa fuo wajibu wa kusajili wanachama na vyombo vyao. Kwenye rejista hiyo kuna namba za vitambulisho na za simu. Tangu Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, kuzitawanya hizo namba si utovu wa adabu tu. Mtafiti anayetaka kujua mitumbwi mingapi ilitoka mwezi huu hahitaji simu ya mtu. Unamjengea mwonekano usio na safu hizo, unampa ruhusa ya mwonekano, humpi ya jedwali. Bibi mmoja aliyekuwa akisikiliza tukieleza haya alisema ni kama kumwonyesha mgeni sebule. Nikamwambia, "Ndiyo, mama, na chumbani pamefungwa."

Kuna wanaotaka kuandika kupitia mwonekano, waingize samaki kwa mlango wa ubao. Codd mwenyewe, alipotoa kanuni zake mwaka 1985, alidai kwamba kila mwonekano ambao kinadharia unaweza kubadilishwa, mfumo uweze kuubadilisha. Kwa mwonekano mwepesi wa jedwali moja inawezekana, na PostgreSQL hufanya hivyo yenyewe. Lakini ukibadilisha jumla ya kilo za leo kutoka 300 kuwa 320, zile 20 ni za mtumbwi gani? Hifadhidata haiwezi kujua, na hata karani hawezi.

Na kuna simu. Hii ndiyo hoja iliyobadilisha uamuzi wetu kuliko nyingine zote, na vitabu vingi huipita. Mtandao ukipotea ufuoni, programu ya simu lazima iendelee kufanya kazi, ihifadhi, itume baadaye. Simu za Android huhifadhi kwenye SQLite, na SQLite ina mionekano lakini haina prosija. Kwa hiyo kila kanuni uliyoifungia ndani ya prosija ya seva, simu haiijui. Samaki wanaandikwa asubuhi, jioni mtandao unarudi, prosija inakataa nusu yao, na wavuvi wenyewe wako majini tena na taa zao wakitafuta omena. Ukaguzi ule ambao karani lazima aujue papo hapo, mtumbwi umesajiliwa au la, tukauandika kwenye programu ya simu. Seva ikabaki na kazi ya kufunga muamala. Vilevile tulijikinga na kuhama: Oracle, Microsoft na PostgreSQL kila mmoja ana lugha yake ya prosija, na ukihama unaandika upya, ilhali mionekano huhama na marekebisho machache.

Feri ilipoonekana ikitoka upande wa Mbita, nilikuwa nimejaza kurasa mbili za daftari langu. Upande mmoja niliandika maneno yote niliyosikia watu wakiuliza: omena ni pesa ngapi leo, mtumbwi wa fulani umeleta nini wiki hii, ada imefika ngapi. KMFRI iliwahi kuendesha huduma iliyokusanya bei za fuo kwa ujumbe mfupi, mchuuzi akaweza kuulizia kwa simu kabla hajapanda gari, na maswali yalikuwa ya namna hii hii. Yote yakawa mionekano. Lile la mtumbwi wa fulani, linalohitaji jina na tarehe, rafiki yangu alitaka liwe prosija kwa kuwa linapokea vigezo. Nikamwambia aache kichujio kifanye kazi yake: mwonekano mmoja wa mitumbwi yote, na programu iongeze jina. Upande wa pili niliandika maneno niliyosikia watu wakifanya: pokea samaki, futa risiti iliyokosewa. Mawili tu. Hizo ndizo prosija zetu hadi leo.

Limebaki moja ambalo halikukaa upande wowote. Mwisho wa mwezi wavuvi waliokopeshwa nyavu hukatwa deni. Tulidhani hiyo ni prosija ya wazi: soma mauzo, soma deni, kata sehemu, andika. Tukaiandika, tukaijaribu, tukampelekea mweka hazina wa kikundi, mama wa makamo mwenye daftari lake mwenyewe lililofungwa kwa mpira. Alisoma orodha taratibu, kidole kikishuka mstari kwa mstari, akasimama kwenye jina moja.

"Huyu amezika juzi."

Akashuka tena. "Huyu injini yake iko fundi. Huyu mkate zaidi, ana pesa, ananidanganya."

Nikauliza tuweke wapi kanuni hiyo, tuiandikeje. Alinitazama kwa huruma.

"Mwanangu, nipe orodha tu. Kukata niachie mimi."

Tukafuta prosija, tukambakizia mwonekano: jina, mauzo, deni. Huuchapisha kila mwisho wa mwezi na kuandika pembeni kwa kalamu.